Muuzaji Mwenye Hofu na Komisioneri Mwenye Haraka



Karibu katika kila kikundi cha vijana ninachokitembelea hapa Goma ninamkuta mmoja au wawili wanaoishi kwa kazi ya ukomisioneri. Wengine wamemaliza masomo ya sheria au ya uchumi, diploma ipo kabatini, na kwa kuwa ajira haikupatikana wameshika simu na daftari wakaanza kuwaunganisha wenye nyumba na wanaotafuta nyumba. Sitawaambia kwamba kazi hiyo ni ya walaghai, kama wasemavyo wazee wenzangu tukiwa tumesimama nje ya kanisa baada ya misa. Ni kazi halali, na mji wa watu wanaohama na kurudi kama huu wetu unaihitaji. Nataka tu kuzungumza nanyi juu ya mtu mmoja ambaye mnakutana naye kila wiki na pengine hamjawahi kumtazama vizuri: yule anayeuza nyumba yake huku moyo ukimwenda mbio.

Mnakijua kisa cha Yeremia kununua shamba. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi, na Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, anakuja kumwomba anunue shamba lake la Anathothi. Tunapokisoma kisa hiki huwa tunamsifu mnunuzi kwa imani yake, na ni haki. Lakini miaka hii ya karibuni mimi nimekuwa nikimfikiria Hanameli. Mtu anayekwenda kumwuzia mfungwa shamba, katika mji unaosubiri kuanguka, hawezi kuwa na moyo mtulivu. Hatuelezwi alikuwa na watoto wangapi wala njaa kiasi gani. Tunaelezwa, tena kwa urefu wa kushangaza, jinsi mauzo yalivyofanyika. Fedha ilipimwa kwa mizani, shekeli 17. Hati iliandikwa na kutiwa muhuri. Mashahidi walitia sahihi. Nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, zilikabidhiwa kwa Baruku mbele ya watu waliokuwapo, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Adui yuko ukutani, na hakuna hatua hata moja iliyorukwa. Nadhani Hanameli aliondoka pale akiwa ametulia kuliko alivyokuja, na kilichomtuliza ni ule utaratibu.

Mji wetu unaujua vizuri uuzaji wa namna hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikashuka, ikaupasua mji katikati na kuingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, na zaidi ya watu 100,000 walibaki bila makao. Kiwanja cha baba yangu kilikuwa kati ya vile vilivyofunikwa. Hatukuona tena ua, wala mparachichi, wala zile alama za mipaka; tuliona mwamba mweusi unaotoa mvuke, umepita kimo cha mtu. Katika wiki ya tatu alitujia komisioneri mmoja, ambaye jina lake halina maana tena. Alimwambia baba mambo matatu: kwamba mji mzima utahamishwa, kwamba ardhi iliyofunikwa na lava haitajengwa tena kamwe, na kwamba mnunuzi aliyekuwa naye anaondoka keshokutwa asubuhi. Yote matatu yalitisha, na hakuna hata moja alilotoa ushahidi wake. Baba aliuza siku ile ile, kwa bei ambayo nikiitaja leo mtadhani natania.

Watu wa Goma walipanda juu ya lava, wakaisawazisha kwa nyundo, wakajenga juu yake kwa mawe yake yenyewe. Leo kwenye kiwanja kile imesimama nyumba ya ghorofa. Simlaumu baba, na yule komisioneri nimekwisha kumsamehe. Linalonisumbua ni kwamba mimi nilikuwapo. Nilikuwa mwalimu wa miaka thelathini na kitu, nimesoma kuliko baba, nami nilinyamaza kwa sababu niliogopa kama yeye.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudia. Siku tano baadaye, alfajiri, ilitolewa amri ya kuondoka katika mitaa 10 kati ya 18 ya mji, na wengi wenu mnakumbuka ile barabara ya Sake iliyojaa magodoro. Njiani mle nilimsikia kwa masikio yangu mtu akiuza nyumba yake kwa simu, mtoto mgongoni, sauti ikitetemeka. Mwanzoni mwa Juni tuliruhusiwa kurudi. Sijui kama mauzo yale yalikamilika, lakini mara nyingi nimejiuliza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa simu, na kama alijaribu hata kidogo kumwambia yule bwana asubiri afike mahali pa kukaa.

Kisha ikaja Januari 2025. Mji ulitwaliwa na M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, familia nyingi zikaondoka na nyingine zikabaki zikitazamana. Benki zikifungwa, mwenye fedha taslimu ndiye anayepanga bei. Ninyi makomisioneri vijana mmeingia kazini wakati huo, na ndiyo maana naandika.

Ngoja nifanye hesabu ubaoni, maana ualimu haunitoki. Tuseme komisheni yako ni 5 kwa 100. Nyumba inayostahili dola 20,000 ikiuzwa kwa bei hiyo, unapata 1,000. Mwenye nyumba akiogopa akauza kwa 16,000, unapata 800. Yeye amepoteza dola 4,000. Wewe umepoteza 200, tena umezipata zile 800 wiki hii badala ya kungoja miezi mitatu. Hapo ndipo penye mtego wa kazi yenu, na mtu hahitaji kuwa mwovu ili anaswe. Hofu ya muuzaji inamtia yeye hasara na inakuharakishia wewe malipo. Komisioneri asiyeifahamu hesabu hii atajikuta anasema maneno yale yale aliyoambiwa baba yangu, huku akiamini kwamba anamsaidia mtu.

Sasa, kumtuliza muuzaji ni nini? Wengi wenu hudhani ni kumwambia atulie. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa malezi alitufundisha kwamba mtoto aliyeingiwa na hofu hasikii hesabu. Anasikia sauti tu. Ukimpigia kelele atulie, umemwongezea sauti nyingine ya kuogopa. Alitutaka tumwulize swali dogo analoweza kulijibu, kisha tumpe kalamu aandike jibu. Nimeyatumia mafundisho hayo darasani kwa miaka mingi, na nimeona yanafaa vilevile sebuleni kwa mtu anayeuza nyumba. Neno "tulia, mama, usiwe na wasiwasi" ni jepesi mno. Mara nyingi hutolewa na mtu asiyetaka kujua wasiwasi wenyewe ni wa nini.

Na wasiwasi huo, vijana, kwa kawaida una sababu. Nitawapa kisa nilichokishuhudia.

Katika shirika letu yuko mama mjane. Mwanawe yuko Kampala na alimtaka amfuate. Nyumba yake iko Katoyi, sehemu ya mbele ya mawe, nyuma ya mbao. Alipoanza tu kusema kwamba angependa kuuza, makomisioneri wanne walimpigia simu, kila mmoja na bei yake, kila mmoja akidai ndiye mwenye mnunuzi wa kweli. (Baadaye ilionekana kwamba mnunuzi alikuwa mmoja, ule ulikuwa mnyororo wa makomisioneri wanaogawana komisheni moja. Hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa siku nyingine.) Mama hakuwa analala. Aliniomba niwepo nyumbani kwake siku atakapokuja komisioneri wa tano, kijana wa parokia yetu, kwa kuwa hakumwamini mtu tena.

Kijana yule alizima simu yake akaiweka mezani. Hakutaja bei. Aliuliza: "Mama, unaogopa nini zaidi, nyumba isinunuliwe au inunuliwe?"

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Inunuliwe. Maana siku hiyo watakuja shemeji zangu."

Hapo tulielewa sote. Kwa wiki mbili watu walikuwa wakimtuliza kwa habari za bei, na bei haikuwa ndiyo inayomnyima usingizi. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la marehemu mume wake. Sheria inawaweka watoto mbele katika urithi, lakini mjane aliyeachwa peke yake usiku hafikirii vifungu vya sheria. Anafikiria mlango utakaogongwa. Kijana alifunga daftari lake akasema: "Basi, mama, nyumba hii hatuitoi sokoni leo. Tuanze na shemeji."

Nilimtazama kijana yule kwa heshima, maana nilijua kwamba kwake kodi ilikuwa imechelewa.

Kabla sijaendelea na mama huyo, niseme neno juu ya karatasi, kwa sababu nimeona kwamba karatasi ndiyo mama wa hofu nyingi za Goma. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha usajili, kile tunachokiita sertifika. Je, ni wangapi katika mitaa yetu walio nacho? Wengi wana fishi, au hati ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na shefu wa avenyu, na wameishi hapo miaka thelathini bila kusumbuliwa. Siku wanapotaka kuuza, wanakumbuka kwamba hawana uhakika. Muuzaji wa namna hiyo hujificha nyuma ya ukali: anagomba, anabadilisha bei, hataki kuonyesha hati, na komisioneri mchanga humwona kuwa msumbufu. Mwombe karatasi zote siku ya kwanza, kabla ya mnunuzi kujulikana. Zipange mezani, mwambie kwa lugha ya kawaida hii inathibitisha nini na hii haithibitishi nini, kisha mfuatane ofisini mkaulize linalopungua. Kama kuna kasoro, ni heri aisikie kwako Jumanne kuliko kuisikia kwa mnunuzi Ijumaa mbele ya watu.

Vivyo hivyo na mume na mke. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inadai ridhaa ya wote wawili kabla ya nyumba au kiwanja kuuzwa, vyovyote walivyopanga mali zao. Komisioneri anayeonana na baba peke yake kwenye mgahawa, huku mama akiwa sokoni hana habari, anapanda ugomvi ambao utamwangukia muuzaji baadaye. Baba wa namna hiyo akionekana hana raha, mwache asiwe na raha. Hofu yake inamwambia kweli. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nasikia siku hizi vijana wakijivunia kwamba wanajua "kumtuliza mteja". Kuna hofu ambazo si haki yetu kuzituliza.

Halafu kuna fedha yenyewe. Mtu aliyezoea kupokea mshahara wa mwalimu anaambiwa kwamba siku moja atakabidhiwa maelfu ya dola mkononi, katika mji ambao benki zake zilifungwa mwaka 2025, na jioni arudi nayo nyumbani kwa motari. Mnashangaa kwamba anaanza kutafuta visingizio siku ya mwisho? Nanyi mnazijua noti zetu: iliyochanika kidogo pembeni, au iliyoandikwa kwa kalamu, haipokelewi na mtu. Muuzaji anaogopa kuhesabu pole pole mbele ya mnunuzi tajiri asije akaonekana hamwamini. Hapa komisioneri mwema anaweza kufanya kazi kubwa kwa maneno machache. Siku mbili kabla amweleze: tutakaa mahali fulani, mchana, mtakuwa watu fulani, noti zitahesabiwa moja moja, yenye kasoro itarudishwa, hakuna atakayeondoka mpaka umeridhika, na utakwenda nazo moja kwa moja kwa mtu fulani mliyekubaliana. Mtu akiijua siku yake saa kwa saa, nusu ya hofu inaondoka. Pia aulizwe atalala wapi usiku wa mauzo. Nimeona hati zikitiwa sahihi bila mtu yeyote kuuliza swali hilo.

Wanaouza wakiwa mbali wana shida yao. Mwenye nyumba yuko Bujumbura au Kinshasa, anauza kwa hati ya uwakilishi aliyompa ndugu, na kila asubuhi anaamka akiwaza kwamba pengine nyumba imekwisha kuuzwa naye hajui. Huyo anakupigia simu mara sita kwa siku, nawe unachoka, unaacha kupokea. Ukiacha kupokea, umemthibitishia kila alichokiogopa. Mpe saa moja ya juma, tuseme Jumamosi saa kumi jioni, umpigie wewe mwenyewe, hata kama huna jipya la kumwambia. "Wiki hii hakuna aliyekuja kuona" ni habari. Mtumie picha ya mlango na ya kufuli. Utashangaa jinsi simu zitakavyopungua.

Najua mtakaloniambia, kwa maana mmekwisha kuniambia. Mwalimu, wewe una mshahara, hata kama unachelewa. Sisi tunakula kwa komisheni. Tukimwambia muuzaji asubiri, komisioneri mwingine anaingia kwa mlango wa nyuma na kumtisha, anauza, anakula. Ni kweli. Sina jibu litakalojaza sufuria. Naweza tu kusema kwamba katika mji huu habari hutembea kwa miguu ya mama zetu, kutoka shirika hadi shirika, kutoka soko la Virunga hadi Birere, na jina la komisioneri aliyemtisha mjane hufika mbali kuliko simu yake. Wala sidai kwamba kila muuzaji azuiwe. Yupo anayeuza kwa sababu mtoto amelazwa hospitalini na daktari anadai malipo. Huyo akimbiziwe mnunuzi, usiku na mchana, na hata kwake hatua zisirukwe. Yupo pia ambaye ukimwuliza vizuri utagundua kwamba hataki kuuza kamwe: anataka fedha za miezi sita, na vyumba viwili vya nyuma vikipangishwa vingempa. Kumwambia hivyo kunakugharimu komisheni ya mauzo yote, na unabaki na ile ndogo ya kupangisha. Sitawadanganya kwamba hasara hiyo hulipwa daima.

Nirudi Katoyi. Mkutano wa ukoo ulichukua wiki tatu kuitishwa, kwa kuwa shemeji mmoja alikuwa Bukavu na alisafiri kwa boti. Yalisemwa maneno makali, mengine ya miaka ya nyuma kabisa, ya mahari na ya mazishi. Mwishoni iliandikwa karatasi moja, wakatia sahihi wote, shefu wa avenyu akiwa shahidi, na mtoto wa Kampala akatuma idhini yake. Kisha ikaanza safari ya ofisini, ya kuhamisha jina. Mama aliniambia kwamba usiku ule wa mkutano ndio aliolala mpaka jogoo wakawika, ingawa nyumba ilikuwa haijauzwa na bei haijajulikana.

Yule mnunuzi wa kwanza hakungoja. Alinunua nyumba nyingine, jirani tu, kupitia makomisioneri wale wanne. Mnunuzi wa pili alipatikana miezi miwili baadaye, na alitoa dola 1,500 pungufu ya yule wa kwanza. Kijana wetu alimweleza mama wazi kwamba pungufu hiyo imetokana na kungoja, wala hakutafuta maneno ya kuifunika. Mama alifikiri siku mbili, akakubali.

Siku ya malipo tulikaa sebuleni saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi ili pawe na mwanga wa kutosha. Shemeji mkubwa, yule aliyeogopwa kuliko wote, ndiye aliyehesabu noti, moja moja, akiziinua kuelekea dirishani. Alirudisha mbili zilizokuwa zimechanika pembeni. Mnunuzi alizibadilisha bila neno.